Hodi kwa Viti

Kabla ya kukaa, Shangazi alibisha hodi. Si mlangoni, kitini. Alikunja ngumi, akagonga mara mbili katikati ya kiti, akasema "hodi" kwa sauti ndogo, ndipo akakaa. Alifanya hivyo kwenye sofa za watu, kwenye mabenchi ya kliniki, hata kwenye kigoda cha jikoni kwake alichokikalia miaka ishirini. Wageni walicheka. Yeye alisema kiti ni nyumba ya mtu, na nyumba ya mtu haiingiwi kimyakimya.

Ngumi ilikuwa ya kazi, kila fundi alilijua hilo. Ilimwambia sponji imechoka, springi imekatika, mbao imelegea. Lakini neno hodi halikuwa la kazi. Hilo lilikuwa lake tu, na hakuliacha hata pale lilipokuja kumsuta.

Alikuwa fundi wa viti. Alianza na magodoro, akahamia kwenye sofa, kisha kwenye viti vya malori na mabasi, katika chumba kirefu cha mabati nyuma ya gereji. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyokwaruzwa na mikasi, na harufu ya gundi iliyowaingia watu nguoni wakaenda nayo makwao. Sifa yake ilikuwa moja: alichokishona hakikufumuka. Ngozi ingechanika, sponji ingeoza, gari lenyewe lingeuzwa chuma chakavu, mshono ungebaki umeng'ang'ania. Mtaani watu wakiona mke na mume wanagombana kila siku na hawaachani, walisema, "Wale kawashona Shangazi."

Binti wa marehemu kaka yake alikuja karakana kila chuo kilipofungwa. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mwalimu wa sarufi, na kwa sababu hiyo gereji nzima ilimwita Profesa. Kazi yake pale ilikuwa kufumua. Alikaa dirishani na wembe, akakata uzi wa zamani tundu kwa tundu, na kichwa chake, ambacho kwa kawaida kilikuwa na kelele nyingi, kikatulia. Shangazi hakumwuliza kwa nini mwanamke msomi anatumia likizo yake namna hiyo. Alimwekea tu chai karibu na wembe.

Gari lenyewe lilikuja siku ya Jumatatu. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, la rangi ya chungwa, chini kiasi kwamba mwenyewe alitoka kama mtu anayetoka shimoni, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa daktari wa meno mwenye kliniki barabara ya pili. Alikuwa amelinunua kuukuu baada ya kulitamani tangu ujana, na sasa mkewe alikataa kupanda.

"Anasema ni kama kukaa juu ya sahani," daktari alieleza. "Nataka sponji nene, Shangazi. Pa kuegemeza kiwiko. Zulia zito chini na milangoni, hiyo kelele ipungue. Na kimfuko cha simu, chenye pamba, isigongegonge. Ijumaa tunasafiri, tunavuka mlima kwenda kwa wakwe."

Moshi, fundi wa injini wa gereji ya mbele, alikuwa amesimama mlangoni anapangusa mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono.

"Daktari, hili ni chui," alisema. "Chui hawekewi mto."

"Chui hana mke anayelalamika kiuno."

"Basi nunua gari la kawaida, umpe mama. Gari la mbio linatakiwa likuumize kidogo. Likikuumiza unakumbuka uko wapi. Ukiligeuza kitanda, mtu atalala."

"We Moshi," Shangazi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye futi yake ya kupimia, "injini ukiiua unaagiza nyingine. Kiuno cha mtu kina spea?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema aumie. Sasa anayeumwa kiuno anakumbuka nini? Anakumbuka kiuno. Barabara haioni."

Daktari alicheka, akafurahi kupata wakili. Moshi alitikisa kichwa. "Haya. Mkishalilisha uji, msiniulize mbona halingurumi."

Profesa, pale dirishani, aliwaza kwamba wote wawili wana haki, na wazo hilo halikumpendeza. Watu wakibishana na mmoja amekosea, mambo huisha. Wakiwa na haki wote, kuna kitu kimefichika mahali ambacho hakuna aliyekitaja.

Moshi alivifungua viti viwili vya mbele, akachomoa nyaya za chini, akavibeba ndani kimoja kimoja. Profesa akaanza kufumua. Vilikuwa vimeshonwa vizuri, uzi mnene, tundu ndogo zilizolingana. Lakini alipofika ubavuni mwa mgongo wa kiti, upande wa mlangoni, wembe ulipita kama unakata hewa. Uzi wa pale ulikuwa mwembamba, mweupe, mmoja.

"Shangazi, njoo uone."

Shangazi alikuja, akauvuta kwa kucha, ukakatika. Akacheka kwa raha ya mtu aliyemkuta mwenziwe kasinzia kazini.

"Hata viwandani wanachoka. Uzi wa nguo ya kichanga, kwenye gari kama hili."

"Na kuna kitambaa hapa kimeshonewa. Kina herufi."

"Soma wewe, Profesa. Ndiyo elimu yako."

Zilikuwa herufi tatu, S mbili na R katikati. Profesa alizitazama muda wa kupepesa jicho. Alikuwa na kiu, chai ilikuwa inapoa.

"Jina la kiwanda tu," alisema.

"Basi kata. Litapachikwa la kwetu."

Profesa akakikata kile kitambaa, kikaanguka sakafuni kati ya vipande vya sponji. Shangazi alishona ubavu ule kwa uzi wa nailoni, mara mbili, na kwa kuwa alikuwa ameona udhaifu wa kiwanda, akapitisha mara ya tatu kwa sindano ya mkono. Viti vyote viwili. Alipomaliza alining'inia kwenye mshono kwa mikono yote, miguu ikikaribia kuacha sakafu, na mshono haukusema kitu.

Alhamisi jioni daktari alikuja, akamzungusha Shangazi kidogo kwenye barabara mpya. Aligonga kiti, akabisha hodi, akaketi. Waliporudi alishuka polepole, akasimama akishika mlango.

"Vipi?" Profesa aliuliza.

"Nilidhani tumesimama kwenye taa. Nikatazama mshale. Mia na thelathini."

"Uliogopa?"

"Nimeogopa sasa, nikiwa chini. Mle ndani sikuogopa hata kidogo." Akafikiri. "Si kitu kizuri hicho, mwanangu. Nimemshonea mtu kitu kinachomfanya asiogope."

Daktari hakusikia. Alikuwa anaupapasa mgongo wa kiti kama mtu anayepapasa farasi.

Ijumaa saa sita mchana daktari alipita mbele ya gereji na mkewe, akapiga honi, wakapunga mikono. Nusu saa baadaye Moshi alirudi kutoka kwa wauza vyuma chakavu na kiti kimoja cha gari lililopata ajali. Alimletea Shangazi viti kama hivyo mara kwa mara, maana sponji yake ilifaa. Akakitua katikati ya chumba.

Kilikuwa kimepasuka ubavuni. Kutoka kwenye mpasuko ulining'inia mfuko mweupe wa kitambaa, umesinyaa, una vumbi la unga, kama ulimi wa mnyama aliyekufa.

"Nini hiki?" Shangazi aliuliza.

"Mfuko wa hewa. Gari likigongwa ubavuni unajaa kufumba na kufumbua, unachomoka hapa, unamkinga mtu mbavu na kichwa. Huyu wa kwenye kiti hiki alipona, wameniambia. Alitoka na mchubuko wa sikio."

Shangazi alipiga magoti mbele ya kiti, akafuata ukingo wa mpasuko kwa kidole. Ngozi haikuchanika. Mshono ndio uliofumuka, wima, safi, kutoka juu hadi chini. Kwenye tundu zake zilibaki nyuzi fupifupi. Uzi mwembamba, mweupe, mmoja.

Chini yake kulikuwa na kitambaa kidogo. Profesa alikisoma kutoka alipokaa: herufi zile zile tatu, na hazikuwa jina la kiwanda. Safari hii hakuhitaji kusogea.

Aliinuka na wembe mkononi bila kujua anaenda wapi nao.

"Moshi," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia, "mshono wa pale ukiwa na nguvu sana?"

"Mfuko utatafuta pa kutokea. Labda utatokea pabaya. Labda hautatoka." Ndipo alipomtazama. "Shangazi. Vile vya daktari ulivishona na uzi gani?"

Shangazi aligeuza macho kwenye uzi wa nailoni mezani.

"Mimi nilijua unajua," Moshi alisema. "Nyaya zile za njano, za mfuko, nilizichomoa mwenyewe. Nilijua unajua."

"Na mimi nilijua ungeniambia."

Hakuna aliyemlaumu Profesa. Alisimama anangoja, na kila sekunde waliyokaa bila kumlaumu ilikuwa nzito kuliko iliyopita. Mwishowe alisema mwenyewe, "Mimi ndiye niliyesoma," na Shangazi akamjibu, "Piga simu."

Alipiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita. Alimpigia mke, haikupatikana kabisa. Mara ya tano aliishusha simu.

"Haipokei."

"Haisikii," Shangazi alisema. "Iko kwenye kimfuko. Nimekitia pamba mwenyewe. Na zulia."

Waliondoka na pikapu ya Moshi, watatu wamebanana mbele, Shangazi katikati. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Profesa kumwona akikaa bila kubisha hodi. Kiti cha pikapu kilikuwa ubao na blanketi. Kila shimo la barabara liliwafikia kwenye meno. Injini ilipiga kelele kama inachinjwa, upepo uliingia mlangoni, na kwa mwendo wa sabini tu walijiona wanakimbia kuliko akili. Hakuna aliyesinzia humo. Profesa alikumbuka maneno ya Moshi juu ya kuumia kidogo, akatamani asingeyakumbuka.

"Atasimama chini ya mlima kujaza mafuta," Moshi alisema. "Kila mtu husimama."

"Na asiposimama?"

"Atasimama."

"Na kama kashasimama akaondoka?"

"Profesa, niache niendeshe."

Shangazi alikuwa ameshika wembe mapajani, umefungwa kwenye karatasi. Midomo yake ilicheza. Profesa alidhani anaomba. Aliposogeza sikio alisikia anahesabu: lori la kokoto, basi la shule, teksi nyeupe, teksi nyeupe nyingine. Alikuwa anavihesabu viti vyake vyote.

Kabla ya kufika mlimani waliikuta foleni. Malori na magari madogo yamesimama mbele yao mpaka konani, watu wameshuka, wanatazama upande mmoja. Mwenye bodaboda alikuwa anarudi kutoka mbele.

"Kuna nini?" Moshi alimwuliza.

"Ajali. Lori na gari dogo."

"Gari gani dogo?"

"Sikuliona vizuri. Limebanwa. Ni moja ya hizi za chini chini."

Bodaboda ikaondoka. Moshi alizima injini, na ule ukimya ulikuwa kitu kibaya kuliko kelele zote walizokuja nazo. Shangazi alimsukuma Profesa ashuke, akashuka nyuma yake, akaanza kutembea. Hakukimbia. Alikuwa na miaka sitini na saba na goti bovu, akatembea kando ya foleni akigusa kila gari kwa kiganja, kama mtu anayepita gizani akishika ukuta, ingawa jua lilikuwa kali. Profesa alimfuata. Alijikuta anasema moyoni, isiwe rangi ya chungwa, isiwe rangi ya chungwa, na papo hapo akaona aibu, maana la rangi yoyote lilikuwa na mtu ndani.

Kwenye kona Shangazi alisimama ghafla.

Lilikuwa hapo, katikati ya foleni, nyuma ya lori la saruji. Zima. Halina mkwaruzo. Rangi yake iling'aa. Profesa alitaka kucheka, akafungua mdomo, kisha akaona kwamba Shangazi hacheki. Akatazama alikotazama.

Vioo vilikuwa vimefungwa. Ndani, daktari na mkewe walikuwa wameegemea nyuma, vichwa vimelala upande, midomo wazi. Hawakucheza. Gari la nyuma lilipiga honi ndefu, na hawakucheza.

Shangazi aligonga kioo kwa ngumi. Mara mbili.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi," alisema tena, na safari hii sauti ilipasuka. Profesa, ambaye hakuwahi kumsikia akilia, hata kwenye mazishi ya kaka yake, alimshika bega, akalikuta linatetemeka kama cherehani.

Alipogonga mara ya tatu, alipiga kwa kiganja chote, na daktari akafumbua jicho moja.

Aliwatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayewaota. Kisha akafungua mlango, na ubaridi ukatoka. "Shangazi? Tumelala kidogo. Foleni haiendi. Hivi viti vyako, mama, ukikaa tu..." Akaona wembe. "Kuna nini?"

"Toka nje, baba. Na mama atoke. Tokeni kwanza."

Alimweleza pale pale barabarani, amesimama wima, maneno machache, hakumtaja Moshi wala Profesa. Kuna mfuko ubavuni. Mfuko unahitaji mshono dhaifu. Yeye kaushona kwa nguvu. Daktari alisikiliza huku usingizi ukimtoka usoni na kitu kingine kikiingia. Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alishika ubavu wake mwenyewe.

"Kumbe nilikuwa nimeegemea nini?" aliuliza.

"Mlinzi, mwanangu. Nilimfungia mlango."

"Ungenyamaza," daktari alisema polepole. "Nisingejua kamwe."

"Ungejua siku moja."

Shangazi aliingia kwa magoti, akaanza kufumua. Uzi wa nailoni, mara tatu. Mshono uliomletea sifa miaka yote ulimgomea kama mbuzi. Wembe ulimkata kidole, akaendelea. Magari ya nyuma yalipiga honi, mtu akatukana, na Moshi, aliyekuwa amefika akihema, akaenda kumjibu kwa lugha ya gerejini. Profesa alishika ngozi, akaivuta ili tundu zifunguke. Mbele, kwa mbali, walikuwa wanaliinua lile gari dogo lililobanwa. Hakuna kati yao aliyeuliza lilikuwa la nani.

Ubavu ulipofunguka wote pande mbili, Shangazi aliketi kwenye ukingo wa mlango, kidole mdomoni.

"Sasa uamuzi ni upi?" daktari aliuliza. Alijaribu kutania, uso wa kijivu. "Gari la mbio listareheshwe au lisistareheshwe?"

"Ule mgongo nimeshaustarehesha. Hilo sijutii." Akang'oa ukingo wa zulia la mlango kwa mkono mzima, gundi ikalia. "Masikio yaache yaogope. Na simu itoe humo."

Moshi kwa mara ya kwanza hakusema, "Nilikwambia."

Baada ya siku ile Shangazi aliishi miaka minne. Alifanya kazi, lakini hofu ilihamia kwake kama mpangaji asiyetoka. Ukutani alimwambia Profesa aandike zile herufi tatu kwa rangi, kubwa, na chini yake: HUMU NDANI KUNA MTU. USISHONE. Uzi dhaifu aliuweka kwenye kopo la peke yake. Alitafuta kila gari dogo alilolikumbuka. Mengine aliyapata, akayafumua bila kuambiwa. Mengine yalikuwa yamekwenda yasikojulikana, na hayo ndiyo aliyoyaongelea. Ndugu wakisafiri aliwauliza wamekaa kiti gani, upande gani, gari la mwaka upi, mpaka wakaanza kuondoka bila kumuaga.

"Nimebisha hodi kwenye viti miaka thelathini," alimwambia Profesa siku moja, wakifumua pamoja dirishani. "Siku moja ndani kulikuwa na mtu kweli. Sikungoja aitike."

"Mimi ndiye niliyesoma vibaya, Shangazi."

"Wewe ulisoma. Mimi ndiye niliyeshona." Na wote wawili wakaendelea kukata, tundu kwa tundu, kila mmoja akijua mwenzake hajashawishika.

Daktari wa meno aliliweka gari lile. Alipita nalo gerejini na kelele zake zote, akapiga honi. Shangazi hakupunga mkono mpaka lilipopita salama kwenye makutano.

Shangazi alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo, Profesa alikuwa chuoni, mbali. Alipata usafiri kwenye gari la mwalimu mwenzake, na wakiwa njiani simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Shangazi, nyembamba, karibu haina uzito.

"Uko wapi?"

"Njiani, nakuja. Jioni nitakuwa hapo."

"Umekaa kiti gani?"

"Cha mbele, Shangazi. Kushoto."

"Umebisha hodi?"

Profesa hakuwa amebisha. Alikunja ngumi, akagonga pembeni mwa kiti, hafifu, mwenye gari asione.

"Nimebisha."

Upande wa pili akasikia tu pumzi, na gari likapinda kona kwa utulivu kiasi kwamba hakuisikia kona. Kisha Shangazi akauliza:

"Wameitika?"